Transfa ya Land Cruiser pikapu inavuma na L4 inachomoka nikishuka mlima, fundi anasema ninunue nyingine

KijanaWaIsyonje

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada maana hapa nimegota kabisa. Tuna Land Cruiser pikapu HZJ75 ya mzee, injini 1HZ, ndo inatushushia viazi toka shamba huku juu ya Isyonje mpaka Uyole. Gari ni ya zamani lakini mzee kaitunza, haijawahi kutulaza njiani. Sasa tangu mvua zianze kuna mvumo umeingia chini ya kiti, kama nyuki kwenye mzinga hivi, unaanza nikifika 50 na kwenye 70 mpaka kuongea na abiria inabidi upaze sauti, ukitoa mguu kwenye mafuta sauti inabadilika ila haiishi.

Kingine na hiki ndo kinanitisha, nikiwa L4, yaani tairi zote nne kwa mwendo wa chini wenye nguvu, nashuka na mzigo ile gia ndogo ya transfa inachomoka yenyewe inakaa N, yaani nyutro. Hapo hata ukiwa kwenye gia ya kwanza haisaidii, gari haishikwi na kitu ni breki tu. Juzi imenitokea na magunia 18 na watu wawili juu, nikaielekeza kwenye ukingo wa udongo ikasimama, Mungu mkubwa. Halafu oili inadondoka kwenye flanji ya propela ya nyuma, kila asubuhi kuna doa.

Nimeipeleka kwa fundi mmoja, hajafungua chochote, kazunguka nayo kidogo akasema transfa, ule mtambo nyuma ya gia boksi unaogawa nguvu mbele na nyuma, imekufa na kuna mtu anayo ya mtumba, milioni moja na laki nane bila ufundi. Kwa sasa kaniambia nimwage oili 90 niweke 140 iliyo nzito zaidi kelele itapungua. Mzee anasema tufungue kwanza ya kwetu. Mimi sina elimu ya hivi vitu ila hela yenyewe ni ya viazi vya msimu mzima, naogopa kuitupa.

Mnyalu_wa_Kilolo

Kamwene mkuu, pole sana na hilo la kuchomoka, kwanza acha kupakia watu juu ya mzigo mpaka hiyo gari ipone.

Usitoe hela bado. Maswali matatu tu: umepima oili ya gia boksi, siyo ya transfa, ya GIA BOKSI? Na tairi za mbele na za nyuma ni saizi moja na zimeisha sawasawa? Na pia ukifika lami huwa unarudisha H2 (tairi za nyuma tu) au unakuja nayo H4 (zote nne, mwendo wa kawaida) mpaka Uyole?

KijanaWaIsyonje

Tairi ni saizi moja, za nyuma mpya kidogo. Lami narudisha H2, ingawa kuna siku inagoma kurudi mpaka nirudi rivasi kidogo ndo inaachia. Gia boksi sijapima, fundi hakugusa.

FundiMstaafuMafinga

Kijana nimefanya kazi na hizi gari kwenye magogo huku Mufindi miaka mingi, ngoja nikueleze taratibu maana umeniambia mambo matatu na kila moja lina sababu yake, huyo aliyeyaunganisha yote akasema "imekufa" hajapima kitu.

Tuanze na oili. Kati ya gia boksi na transfa kuna oili sili, raba ya kuzuia oili, na kwenye hizi HZJ75 ile sili ikichoka oili ya gia boksi inahamia kwenye transfa kidogo kidogo. Huoni tone chini kwa sababu haitoki nje, inahama chumba tu. Matokeo yake gia boksi inabaki na kiu na transfa inajaa kupita kiasi, na ikijaa inachemka, inatoa povu, inatafuta pa kutokea, na pa kutokea ni hiyo sili ya nyuma kwenye flanji. Kwa hiyo doa lako la asubuhi huenda chanzo chake kiko mbele ya unapoliona. Na gia boksi ikipungukiwa, gia ya tano na beringi za nyuma ndo zinaumia mwanzo, mvumo unaweza kuwa unatoka huko wala siyo transfa.

Kesho asubuhi gari ikiwa imepoa na iko tambarare, fungua kizibo cha KUJAZIA cha transfa, cha pembeni. Anza na cha kujazia siku zote kabla ya cha kumwagia, maana ukishamwaga halafu cha kujazia kikagoma kufunguka gari imelala hapo hapo. Oili inatakiwa iwe usawa wa mdomo wa tundu, idondoke kidogo tu. Ikitoka kama bomba umeshapata jibu. Halafu fungua cha gia boksi uingize kidole uone kinagusa oili au hewa.

Pili, mvumo. Gari ikiwa imesimama weka magogo mbele na nyuma ya tairi, magogo ya maana, vuta na hendibreki, maana transfa ikiwa N gia haishiki gari hata kidogo, na huko kwenu hakuna tambarare. Weka gia ndogo N, washa, ingiza gia ya tatu, achia klachi taratibu, kanyaga mafuta. Gari haitaenda ila gia za ndani ya transfa, ile ya kuingilia na ile ya katikati tunayoiita aidla, zitakuwa zinazunguka. Mvumo ukiwepo pale pale, ugonjwa uko gia boksi au kwenye hizo gia mbili. Sasa rudisha gia boksi nyutro, transfa ibaki N, sikiliza tena. Ukipotea kote na unakuja tu gari ikitembea, basi angalia beringi za shafti ya kutokea, krosi za propela, mpaka difu. Nimeona watu wameshusha transfa nzima kumbe krosi moja imekauka grisi.

Tatu, kuchomoka L4. Kabla hujafungua chuma chochote ingia chini uangalie maunting za gia boksi, zile raba zinazoikalisha kwenye chesisi. Raba ikichanika, ukishuka mlima injini inashika gari kwa nguvu ya kinyume, mtambo wote unajipinda upande, na ile gia ndogo inagonga ukingo wa tundu la sakafu inasukumwa kutoka. Maunting zikiwa nzima ndo unakuja kwenye springi na gololi inayoshikilia reli ya gia, ile fimbo ya ndani inayosogea ukibadilisha, hivyo ni vitu vidogo vya bei ndogo. La mwisho kabisa ndo uma unaosogeza gia na meno ya sileve, ile pete inayounganisha gia na shafti, kulika, au shafti ya kutokea kuwa na mchezo wa mbele nyuma. Hapo ni kufungua.

Hilo la kugoma kurudi H2 lisikutishe. Hii gari haina difu katikati, ukiwa H4 shafti ya mbele na ya nyuma zimefungwa pamoja, na kwenye ardhi ngumu zikipishana mzunguko zinajikaza. Kurudi rivasi ndo dawa yake. Ila ujue tairi za nyuma zikiwa mpya na za mbele zimeisha inajikaza haraka zaidi, kwa hiyo rudisha H2 ukiwa bado kwenye udongo, usisubiri lami.

Mama_Pareto

Mimi siyo fundi ila naendesha Hilux njia ya Chimala kupanda Matamba, zile kona 57 anayezijua anazijua. Naongezea moja tu. Ikichomoka tena mteremkoni usihangaike kuirudisha gia ndogo gari ikiwa inakimbia, haitaingia na utapoteza sekunde za breki. Kanyaga breki, vuta hendibreki, tafuta ukingo kama ulivyofanya. Na mpaka ipone usishuke na L4, tumia H4 na gia ya kwanza na upunguze magunia.

Halafu mwangalie yule mtoto wa kupumulia, kile kibomba kidogo juu ya transfa. Kikiziba tope, mtambo ukiwa wa moto ukaingia kwenye maji ya baridi ya mto unanyonya maji kupitia kwenye sili. Yangu ilitoka oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa.

SpeaZaMwanjelwa

Kuhusu 140, asikupoteze yule fundi. Oili nzito inaficha kelele haiponyi kitu. Na huko kwenu Juni Julai barafu inalala kwenye majani, 140 asubuhi inakuwa kama asali, haifiki kwenye beringi za sindano za aidla mpaka gari ipate moto na wewe ushatembea kilomita kadhaa bila kilainishi. Weka 80W-90 au 75W-90 nzuri, basi.

Na mkibadilisha sili ya nyuma mpitishe kucha kwenye flanji pale mdomo wa sili unapokaa. Kukiwa na mfereji sili mpya itavuja tena ndani ya wiki chache na utalaumu sili bure. Mfereji ukiwa mdogo sili inaweza kukalishwa kina tofauti kidogo ikagusa sehemu nzima, ukiwa mkubwa tafuta flanji nyingine.

Transfa ya mtumba mimi naziuza na bado nakwambia usianzie huko. Hujui imetoka kwenye gari iliyokula maji au vipi, na ukiifunga bila kubadilisha ile sili ya kati ugonjwa utaukuta uleule.

KijanaWaIsyonje

Shikamoo mzee, na wote asanteni. Nimefanya leo. Nimefungua kizibo cha transfa oili imeruka mpaka kwenye mkono wa shati, imejaza zaidi ya nusu ya kidumu cha lita tano kabla haijaacha kutoka. Gia boksi nimeingiza kidole chote, pakavu. Mpaka nimetetemeka maana jana tu nimetoka Tukuyu na gia ya tano. Jaribio la N, mvumo upo pale pale gari imesimama, nikirudisha gia boksi nyutro unapotea. Maunting ya nyuma upande wa kulia raba imeachana na chuma, napitisha bisibisi katikati.

Nimejaza gia boksi oili mpya gari imepaki. Sasa je, lazima gia boksi ishuke?

FundiMstaafuMafinga

Marahaba. Umefanya vizuri kuipaki.

Hapana, transfa inatoka peke yake gia boksi ikabaki juu. Toeni propela zote mbili, ondoeni kifuniko cha PTO nyuma, pale pa kuchukulia nguvu ya winchi, ndani mtakuta nati kubwa imefungwa kwenye shafti ya gia boksi na kingo zake zimelazwa. Zinyoosheni kwanza kwa patasi ndo mfungue nati. Gia ya kuingilia inatoka kwa pula, msiipige nyundo. Na transfa ni nzito, wekeni jeki ya gia boksi, nimeona kijana kavunjwa mbavu kwa kuipokea kifuani.

Ikishatoka angalieni meno ya ndani ya ile gia ya kuingilia inapokaa kwenye shafti, yakiwa membamba kama msumeno badilisheni. Chomoeni shafti ya aidla muikague kwenye mwanga, na oringi yake msirudishe ya zamani. Beringi za shafti ya kutokea ni za koni, zina shimu, vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi, zile shimu zikae kwa mpangilio wake msizichanganye, na mkifunga shafti izunguke kwa uzito kidogo, isicheze mbele nyuma.

KijanaWaIsyonje

MREJESHO. Wakuu imechukua siku tisa kwa sababu ya kusubiri vitu kutoka Kariakoo. Tumefanyia gereji nyingine hapa Uyole, fundi kijana mtaratibu, nimemsomea uzi huu wote kabla hajashika spana na hakukasirika, alikuwa ananiuliza "mzee kasemaje hapa".

Shafti ya aidla imechimbika upande mmoja, unapitisha kucha inakwama, beringi zake za sindano zimekuwa na vidoa. Sili ya kati ilikuwa ngumu kama plastiki. Meno ya gia ya kuingilia mazima. Beringi za kutokea nzima, tumeziacha na shimu zake. Uma mzima, springi ya reli ya gia tumebadilisha. Flanji ilikuwa na mfereji mdogo, sili imekalishwa kina tofauti. Shafti ya aidla, beringi, sili zote, oringi, gasketi, maunting mbili, oili na ufundi, jumla laki sita na themanini.

Jana nimepanda tupu nikashuka na magunia kumi, L4, gia ya kwanza, mzee kakaa pembeni kashika ile gia ndogo kwa mkono njia nzima. Haikutikisika. Mvumo wa transfa umeisha, ila kwenye gia ya tano kuna sauti nyembamba imebaki, nadhani ni ile safari ya Tukuyu.

FundiMstaafuMafinga

Hiyo ya tano itumie kidogo kwanza, baada ya wiki mbili mwaga oili ya gia boksi uangalie sumaku ya kizibo, unga laini ni kawaida, vipande vinavyong'aa uniambie hapa. Ile nati ya nyuma ya PTO kingo mmezilaza?

KijanaWaIsyonje

Tumezilaza mzee, nati mpya, nimepiga na picha. Wiki mbili zikifika nafungua kizibo naleta jibu hapa hapa. Ndaga fijo.