"Wananchi wenye hasira kali" ni akina nani hasa?

Habarini ndugu zangu. Naomba tulijadili hili bila kurushiana matusi, maana mimi mwenyewe sina mikono misafi ndani yake, na nitaeleza.

Kuna maneno tumeyazoea kwenye taarifa za habari mpaka hayatutishi tena: mtuhumiwa wa wizi "ameuawa na wananchi wenye hasira kali". Habari inaishia hapo, msomaji anaingia kwenye michezo. Jina la marehemu pengine linatajwa, pengine "hakuweza kutambulika mara moja". Majina ya waliomuua hutayaona.

Wiki iliyopita rafiki yangu mmoja, msomi na mcha Mungu, aliyatetea maneno hayo mbele yangu. Hoja yake ilikuwa hivi: binadamu kwa asili yake ni mnyama, na dini na dola ndiyo kamba anayofungwa nayo. Polisi wakimwachia mwizi leo na kesho mkamkuta mtaani anawacheka, kamba imekatika, na kitakachotokea hakina wa kulaumiwa, ni maumbile tu. "Umati hauna akili," aliniambia, "na kisicho na akili hakina hatia."

Hoja hii naisikia kila mahali, kwa waswalihina na kwa walevi, kwa hiyo naijibu hapa hadharani. Naanza na nilichokiona kwa macho.

Mwaka 2009 nilikuwa Mwanza, nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mjomba wangu karibu na standi ya daladala. Mlango wa tatu kutoka kwetu alikuwepo fundi cherehani, mzee wa kanisa, mpole, watoto wa mtaa walikuwa wakimpelekea mabegi ya shule yaliyochanika naye anayashona bila kuchukua hata shilingi. Asubuhi ile alikuwa kwenye benchi la mama ntilie, anakunywa chai na chapati. Zikasikika kelele: "Mwizi! Mwizi huyo!" Kijana mmoja akapita mbele ya maduka yetu anakimbia, kiatu kimoja kimeshamtoka, akaangukia mtaroni ng'ambo ya barabara.

Yule fundi akaweka kikombe chini. Akakifunika na kisosi, nzi wasiingie. Akaokota kipande cha tofali kwenye rundo letu sisi, akasubiri bajaji ipite, akavuka. Nilimwona akipiga, mara mbili. Kisha akarudi, akapangusa mikono kwenye suruali, akafunua kikombe, akaendelea kunywa. Chai ilikuwa bado inatoa mvuke.

Yule kijana alikata roho palepale kabla gari la polisi halijafika. Alidaiwa kukwapua simu. Mwenye simu, mama wa makamo, alikuwa akilia na kuwaomba wamwache aseme simu iko wapi, hakuna aliyemsikiliza.

Miaka imepita na bado nakiona kile kisosi. Mtu aliyepandwa na hasira kali hafuniki chai yake. Hasubiri bajaji ipite. Aliyekuwa na haki ya kukasirika pale ni yule mama, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa anaomba wasiue. Wale wengine kwa sehemu kubwa hawakuwa wameibiwa kitu siku ile, na wala hawakumjua kijana. Walichokuwa nacho ni ruhusa. Waliona hapa ni mahali ambapo mtu mwema anaweza kuua, arudi kwenye chapati yake, na hakuna atakayemwuliza, si polisi, si mkewe, si mchungaji wake. Na kweli hakuna aliyemwuliza. Jumapili alikuwa mstari wa mbele kanisani.

Na mimi? Sikurusha jiwe. Ila yule kijana alipopita, waliokuwa wakimfukuza walifika kwenye njia panda wakasita, nami nikaupokea ukelele nikapaza sauti: "Kaelekea mtaroni, huyo!" Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Hasira sikuwa nayo. Nilikuwa na kitu kinachofanana na furaha, ile ya kuwa upande mmoja na kila mtu. Naandika hili kwa aibu, lakini nisipoliandika mjadala huu utakuwa wa uongo.

Sasa turudi kwa rafiki yangu na unyama wake wa asili. Dini zetu mbili kubwa hazikubaliani kuhusu mwanzo wa mtu. Wakristo wengi wanafundishwa dhambi ya asili, kwamba tumezaliwa na ufa tangu Adamu. Waislamu wanafundishwa kwamba kila mtoto huzaliwa juu ya fitra, safi, na malezi ndiyo humgeuza. Lakini tazameni zinapokutana. Qur'ani, katika Sura Yusuf, inasema nafsi ni yenye kuamrisha sana maovu, halafu kwenye sura nyingine inaapa kwa nafsi yenye kujilaumu. Yaani ndani ya mtu yuleyule kuna anayeamrisha na kuna anayelaumu, na wanazuoni wakaziita ammara na lawwama. Biblia nayo, Kaini kabla hajamuua nduguye, anaambiwa dhambi iko mlangoni inamvizia na yapasa aishinde. Hakuna palipoandikwa kwamba kuwa na tamaa ya kuua kunakufutia hatia ya kuua. Wote wawili, Kaini wa Mwanzo na Kabili wa masimulizi ya Kiislamu, wanabeba hatia wao wenyewe. Haulizwi "ukoo wa Adamu". Na mara tu baada ya kisa hicho, katika Sura al-Maida, ndipo inapokuja ile aya kwamba anayeua nafsi moja pasipo haki ni kama ameua watu wote. Umati wa watu mia umeua mtu mmoja, na kwa hesabu ya aya ile kila mmoja wa wale mia ana watu wote shingoni. Deni haligawanywi kwa mia.

Sheria nayo, kwa kiasi chake, inasema jambo la karibu na hilo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 22 na cha 23, inamhesabu kuwa mkosaji aliyetenda, aliyesaidia na aliyechochea, na watu walioungana kwa nia moja kila mmoja wao anabeba kosa. Aliyeleta tairi, aliyetoa petroli, aliyepaza sauti "kaelekea mtaroni". Na Katiba ya 1977, ibara ya 13, inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitishwa. Raia anaruhusiwa kumkamata mwizi, ndiyo. Anatakiwa amkabidhi polisi bila kuchelewa.

Hapa najua mtanijibu: akabidhiwe kwa polisi gani? Hili nalichukulia kwa uzito, sitalipita kwa haraka. Mwaka mmoja kabla ya tukio lile duka letu lilivunjwa. Tukamkamata mhusika, tukampeleka kituoni, siku ya tatu tukamkuta standi anakula muwa. Mjomba alikaa na uchungu ule mpaka akaugua. Anayesema watu wanajichukulia sheria mkononi kwa sababu wamechoka kuifuata kituoni wakarudi mikono mitupu, anasema kweli, na viongozi wanaolaani mauaji haya kwenye mikutano bila kugusa rushwa vituoni wanapoteza muda wetu. Lakini nawaomba mpime: uchungu wa mjomba ulimwelekea mtu aliyemjua kwa sura na jina. Yule kijana wa mtaroni alilipa deni la nani? Alilipa la yule wa muwa, na la polisi aliyempokea, na la kila mwizi aliyewahi kutoroka Mwanza nzima. Methali tunayoitumia kujitetea, "za mwizi arobaini", inasema atakamatwa siku moja. Haisemi yeyote atakayekamatwa alipe zote arobaini.

Nadhani hata fasihi yetu imetulea kidogo katika hili. Tumekua na hadithi ambamo tabia ya mtu ndiyo jina lake. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka 1951, waziri mshtaki ni Majivuno na mshtakiwa ni Karama, ukisikia jina umeshajua pa kusimama. Naipenda mno hadithi ile, na kwa haki yake, ndiyo inayopigania kwa sauti kubwa kuliko zote jambo ninalolililia hapa: kosa la Karama ni kuanzisha mafunzo ya uanasheria, na anachokiomba kwanza ni nafasi ya kujitetea. Akapewa siku sita za kusema. Kijana wa mtaroni hakupewa hata dakika sita. Ila mtindo ule wa majina tumeutoa kitabuni tukauingiza mtaani. Mtu akishaitwa Mwizi, hilo si tuhuma tena, ni jina lake la ubatizo, na anayeitwa hivyo hana mama wala kiatu kilichomtoka.

Miaka ishirini baadaye, 1971, Kezilahabi alituletea riwaya ya Rosa Mistika, na hapo mambo yakawa magumu. Rosa wa Namagondo, Ukerewe, analelewa kwa ukali na baba mlevi, anatoka nyumbani asijue kusimama, anaharibikiwa, anajiua. Baba mbaya, lakini anampenda bintiye kwa namna yake. Binti ana makosa, lakini nani alimfikisha pale? Msomaji anafunga kitabu hajui amrushie nani jiwe. Kilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, na walioogopa matusi yaliyomo sidhani waliona kwamba kitu kikali zaidi mle ndani ni huku kunyimwa mtu wa kumchukia.

Msiseme haya ni mambo ya mjini na wezi wa simu. Usukumani kwetu vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyogeuzwa mekundu na moshi wa jikoni, miaka ya kupikia kinyesi cha ng'ombe kikavu palipokosekana kuni. Bibi aliyewapikia wanakijiji kwenye misiba yote anaamka siku moja jina lake limebadilika, ameitwa Mchawi. Huko hawaji umati, huja wawili watatu usiku, lakini kijiji kizima kinajua na kijiji kizima hakijui. Sungusungu, vikundi vya ulinzi vya wanakijiji wenyewe, walipoanza miaka ya themanini kule Shinyanga na Tabora, yowe la mwano liliposikika kila mwanamume alitoka, na ng'ombe wengi waliokolewa kwa yowe lile. Nguvu ileile ya kutoka pamoja ndiyo inayozika jirani, inayojenga boma lililoungua, inayochangia harusi. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba umati ni mnyama. Umati ni sisi, tukiwa na mikono mingi na jina moja la kujifichia.

Kuna kisa katika Yohana, sura ya 8, nilikisikia mara nyingi kabla sijakisikia kweli. Yule mwanamke analetwa apigwe mawe. Tunakumbuka sana maneno, asiye na dhambi na awe wa kwanza. Tunasahau kilichofuata: wakatoka mmoja mmoja, wakianzia wazee. Walikuja kundi, wakaondoka mmoja mmoja. Yesu hakuwaambia mwanamke hana kosa, wala hakuleta askari. Alitaka apatikane wa kwanza, mtu mmoja mwenye uso, na hakupatikana. Walianza kuondoka wazee. Siku ile Mwanza mzee ndiye aliyeokota tofali, na vijana tukaona basi ni sawa.

Kwa hiyo pendekezo langu, mlipinge mkiweza: vyombo vya habari na polisi waache kabisa kuandika "wananchi wenye hasira kali". Waandike "watu ambao bado hawajakamatwa". Waandike walikuwa wangapi na ni mtaa gani. Na viongozi wa dini waliulizie hili waziwazi kwa waumini wao Ijumaa na Jumapili inayofuata, kama wanavyoulizia zaka.

Yule fundi alifariki miaka kadhaa iliyopita, kwa maradhi. Nilikwenda kumzika. Watoto aliowashonea mabegi, sasa watu wazima, walilia kwa machozi ya kweli, na mimi nililia nao. Sikuwahi kumwuliza.

Walio tayari kusema, nina swali moja kwenu: aliyewahi kuwa ndani ya kundi la namna ile, jiwe likiwa tayari mkononi, akaliweka chini, kilichomsimamisha kilikuwa nini?