Weji za bapa au zile zinazobeba makosa? Naombeni ushauri kabla ya Jumamosi

Mchanga Mwingi
Wakuu habari za muda huu. Nimekwama, hata usingizi haupatikani. Nacheza gofu mwaka wa sita, handikapu 19 (kipimo cha uwezo, ikiwa ndogo ndiyo bora). Fimbo za chuma napiga vizuri tu, lakini nikibakiwa na hatua 30 hadi 80 kufika grini, pale penye shimo, naharibu kila nilichojenga. Swali langu ni moja: mtu kama mimi abaki na weji (fimbo za kuinua mpira karibu na grini) za bapa, zenye mgongo mzima, au ahamie hizi zenye mgongo uliochimbwa na kitako kipana? Kwa kocha msinipeleke, hilo nimeshalisikia sana.

Kipara wa Grini
Bapa. Mtu akizoea fimbo za kubebwa hajifunzi kupiga. Mimi nilianza na bapa, nikateseka miaka miwili, leo nasikia mkononi kabisa mpira umegusa wapi.

Nusu Swingi
Kipara, hiyo miaka miwili ya mateso nani kakwambia ni lazima? Gene Sarazen, yule Mmarekani, alikuwa bingwa wa gofu tayari, na bado aliyeyusha madini ya risasi akaigandisha chini ya fimbo yake ili isizame mchangani. Akaenda nayo uwanja wa Prince's, Uingereza, akachukua mashindano ya Open ya 1932. Bingwa alitafuta msaada, sisi ni nani tuukatae?

Bibi Feawei
Mwanangu, hujasema unakosea vipi. Unachimba ardhi kabla ya mpira, unaugonga tumboni ukakimbia, au unaugusa kwa ncha ya fimbo? Na hizo ulizonazo sasa zina nyuzi ngapi za mlalo wa uso, na baunsi, ile pembe ya kitako, ngapi?

Mchanga Mwingi
Shikamoo Bibi. Ni 56 yenye baunsi 8 na 60 yenye baunsi 4. Nakosea kwa kila namna, ila zaidi nachimba.

Bibi Feawei
Marahaba. Hapo ndipo watu wengi wanachanganya, kwa hiyo nisome taratibu. Mgongo uliochimbwa unapeleka uzito pembeni mwa fimbo, ili ukigonga kwa ncha au karibu na kisigino, upande wa mpini, uso usipinde sana na mpira usipoteze umbali mwingi. Kuchimba ni habari nyingine. Kinachookoa pale ni kitako kipana na baunsi, yaani ile pembe inayofanya kitako cha fimbo kiguse ardhi kabla ya makali ya mbele. Baunsi 4 kwa mtu anayeshuka wima ni jembe. Weji inaweza kuwa bapa na bado ikawa na baunsi 12, na ikakufaa.

Kipara wa Grini
Sawa mama, lakini hicho kitako kipana ukiwa kwenye ardhi ngumu, ukafungua uso, yaani ukaulaza utazame juu ili uinue mpira, makali yanapanda juu unaugonga katikati. Ndiyo maana wachezaji wa kulipwa wengi wanataka bapa iliyonolewa kisigino. Inakaa chini hata uso ukiwa wazi.

Bibi Feawei
Ni kweli, sikatai. Ila huyu wa 19 anafungua uso mara ngapi kwa raundi? Mchanga Mwingi, mbona Jumamosi? Kuna nini?

Mchanga Mwingi
Kuna mashindano ya wawili wawili, mpira mmoja, mnapokezana. Mwenzangu ni baba mkwe. Hizi weji za bapa ni zake, alinikabidhi mwaka jana kwa mkono wake mwenyewe. Ndiyo maana sikulisema mapema.

Nusu Swingi
Kumbe! Hapo hatuongelei weji tena. Mimi shemeji yangu aliniachia begi zima, nikalibeba miaka mitatu mgongo ukiuma kwa kuona haya tu.

Mwanasheria wa Shimo
Kanuni inawaruhusu wenza kutumia fimbo pamoja, mradi jumla ya fimbo zenu wote wawili isizidi 14. Mwachie azibebe yeye.

Mchanga Mwingi
Wakuu niwe mkweli. Weji mpya nimeshanunua, 56 yenye mgongo uliochimbwa, baunsi 12. Iko kwenye buti ya gari, nailoni sijaitoa. Sijafanya kosa, fedha ni yangu na ninayepiga ni mimi. Nilitaka tu mtu aniambie niko sawa.

Jicho la Tatu
Hii chai. Akaunti ya leo, uzi wa kwanza, mara mkwe, mara zawadi, mwisho weji mpya ya mgongo uliochimbwa ndiyo mkombozi. Huyu ni muuzaji.

Kipara wa Grini
Hata mimi nimeanza kuhisi. Alikuja na swali la fimbo, sasa tuna tamthilia.

Mchanga Mwingi
Sijataja jina la fimbo hata moja, nitauza nini? Ngoja niwaambie kitu ambacho muuzaji hakijui. Kwenye uso wa ile 56 ya mzee, kromu imelika. Kuna doa la rangi ya kahawia, saizi ya kifungo cha shati, katikati kabisa, kwenye mifereji ya chini. Ndipo alipokuwa akipiga miaka yote hiyo. Kila nikiifuta taulo naliona. Alama zangu mimi zimelizunguka, hakuna hata moja iliyo ndani yake.

Bibi Feawei
Huyo hadanganyi. Doa kama hilo mtu halitungi. Na mwanangu, mifereji ikishalika haiushiki mpira, hauzunguki wa kutosha kusimama kwenye grini. Hata fundi mwenyewe angeibadilisha. Kesho paka mipira wino wa kalamu ya ubao mweupe, piga 20 kwa hiyo ya zamani, uniletee hesabu.

Jicho la Tatu
Nimekuelewa mkuu, samahani kwa neno langu. Lete hesabu.

Mchanga Mwingi
Nimerudi. Katika 20: 7 karibu na katikati, 9 kwenye ncha, 4 alama haionekani kwa udongo, nilichimba kwanza. Kisha nikaitoa ile mpya kwenye nailoni. Zile za ncha zikafupika kwa hatua chache tu, na nilipochimba kidogo fimbo iliteleza badala ya kuganda.

Bibi Feawei
Basi jibu unalo. Ile 60 ya baunsi 4 iache nyumbani Jumamosi. Kama kuna shoti fupi ya kufungua uso, omba zamu iangukie kwake. Na mzee umwambie leo. Ataiona kwenye begi shimo la kwanza.

Mchanga Mwingi
Nimeshaanza kumpigia mara mbili nikakata. Napiga tena sasa hivi.