Kafka au MQTT kwa vipimo vya joto la maji ya mwani, Pemba?

Bamvua: Assalaam alaykum wenzangu. Nina kipima joto kwenye vitalu vya mwani Makangale, kimeungwa na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4, kinasoma kila dakika 5. Data ifike kwenye seva yetu Unguja Mjini. Akinamama wanaolima wanataka kujua mapema maji yakipanda joto, maana mwani wa cottonii hauvumilii kama wa spinosum. Niweke klienti (programu ya kutuma data) ya Kafka au ya MQTT, njia mbili za kupeleka ujumbe kati ya mashine? Umeme hukatika, mtandao hupotea hata nusu siku. Na sitaki mtu aingie atutumie namba za uongo.

KaskaziA: Kafka. Data hukaa kwenye seva kwa muda unaoupanga mwenyewe, ukitaka kuisoma tena tangu mwanzo unaisoma. Kuingia tumia SASL_SSL (kuingia kupitia TLS, yaani mawasiliano yaliyofichwa) na SCRAM-SHA-512 (nywila yenyewe haitumwi). PLAIN bila TLS usiiguse, nywila hupita wazi. Na kagua advertised.listeners (anwani ambayo seva huwapa klienti): ukiandika jina la ndani la seva, klienti hupokelewa mara ya kwanza, kisha huelekezwa kwenye anwani isiyoifikia. Mimi ilinila siku mbili.

FundiWete: Kwenye seva nakubali. Kwa Makangale, hapana. Klienti ya Kafka hushika ujumbe kwenye RAM. Ile ya Java, usipobadilisha kitu, huukatia tamaa baada ya dakika 2. Weka Mosquitto (programu inayopokea na kupitisha ujumbe wa MQTT) kwenye Pi yenyewe, iwe daraja la kwenda Mosquitto ya seva kwa poti 8883 (ya TLS), QoS 1 (ujumbe hutumwa tena mpaka upokewe), persistence true (foleni ihifadhiwe kwenye diski). Toleo la 2 lina foleni ya ujumbe 1000; kwa dakika 5 zako hizo ni siku 3 na ushei. Ila punguza autosave_interval (muda kati ya kuhifadhi mara moja na nyingine). Kawaida yake ni sekunde 1800, kwa hiyo umeme ukienda ghafla unaweza kupoteza vipimo vya nusu saa.

BiKarafuu: Kila kifaa kiwe na jina na nywila yake, na ACL (orodha ya ruhusa) ikiruhusu kuandika kwenye mada (anwani ya ujumbe) yake tu. Kwenye mosquitto_passwd (amri ya faili la nywila), -c ni ya mara ya kwanza tu. Nilimwongeza mtumiaji wa pili kwa -c, faili likaandikwa upya, kifaa cha kwanza kikafungiwa nje. Tangu adhuhuri mpaka magharibi nahangaika na waya!

Bamvua: Ahsanteni. Nimefuata njia ya FundiWete, lakini daraja linakataa: cheti cha TLS bado hakijaanza kutumika. Nimekitengeneza leo asubuhi.

FundiWete: Andika date kwenye Pi. Na tafadhali usizime ukaguzi wa cheti, hata kwa kujaribu.

Bamvua: Inasema Jumanne iliyopita, siku niliyoizima!

FundiWete: Ndiyo hiyo. Pi 4 haina saa yenye betri, hungoja saa ya mtandaoni. Nunua moduli ya DS3231, umeme ukirudi isikusumbue tena.

Bamvua: Imepata saa, imeunganika. Kipimo cha kwanza kimefika Mjini: nyuzi 29.4, maji yanajaa. Moduli naagiza leo.