Tupeane uzoefu: memori kadi iliyopokea picha halafu ikatoa vitupu

LensiYaTanga
Wakuu, sisi tunaopiga picha kwa mapenzi tu, tuongee hili la memori kadi. Kamera inaonyesha picha kiooni, taa nyekundu inazima vizuri, ukifika nyumbani na kuchomeka kadi kwenye laptopu unakuta nusu ya juu iko sawa, nusu ya chini kijivu. Au jina la faili lipo, ukubwa upo, ukifungua hamna kitu. Leteni dalili, chanzo, na kilichosaidia.

Naanza. Kuna RAW (faili ghafi za kamera) ambazo kwenye folda unaziona kabisa, lakini programu ya kuhariri inagoma kuzifungua. Sababu ni kwamba ndani ya kila RAW kamera huweka JPEG ya kutazamia, na hiyo ndiyo unayoiona kiooni. Ikiwa nzima, si ushahidi kwamba data zenyewe ni nzima. Ila hiyo JPEG unaweza kuichomoa kwa ExifTool, programu ya bure inayoendeshwa kwa kuandika amri. Kwa faili za Nikon:

`exiftool -b -JpgFromRaw -w _ndani.jpg -ext NEF .`

Kwa CR2 za Canon badilisha `-JpgFromRaw` uweke `-PreviewImage`, na `NEF` iwe `CR2`. Utapata picha ya kuchapa saizi ya albamu hata kama RAW yenyewe imekufa.

Bi_Shata
Hapo pa "ukubwa upo, ukifungua hamna kitu" umenigusa. Kama vitupu vinaanzia picha fulani na kuendelea hadi mwisho, hiyo ni kadi feki. Usilaumu kamera.

Nieleze inavyokwenda, maana hakuna pigo baya kama hili. Ndani ya kadi kuna chipu ya kuhifadhi na kidhibiti kidogo kinachoiambia kamera "mimi ni GB 128". Mwigaji anachukua chipu ya GB 8, anabadilisha hiyo taarifa ya kidhibiti, anachapa lebo ya kampuni kubwa, basi. Kamera inaamini inachoambiwa. GB 8 za kwanza zinaandikwa kweli, na kwa RAW za MB 28 hapo ni picha kama 280. Kuanzia hapo kadi nyingine zinatupa kila kinachoingia, nyingine zinazunguka na kuandika juu ya zile za mwanzo. Hizi za kuzunguka ndizo katili zaidi, kwa sababu zinaweza kufuta hata orodha ya majina ya faili, ukichomeka unaambiwa "kadi inahitaji kufomatiwa".

Sasa chukueni siku ya harusi. Asubuhi bibi harusi anapambwa, hizo zimeandikwa. Ndoa inafungwa, picha za wazee, huenda nazo zimo. Jioni ukumbini kadi imeshapita GB 8 kitambo na kamera haijalalamika hata mara moja. Picha inayojitokeza kiooni mara tu baada ya kubofya hutoka kwenye kumbukumbu ya ndani ya kamera, haijasomwa upya kutoka kwenye kadi. Kwa hiyo mpigaji anaona kila kitu kimeingia: keki, kulishana, mama analia, zawadi. Kesho yake majina yote yapo kwenye folda na ndani hamna hata picha moja ya ukumbini. Na hizo hazirudishwi na programu wala fundi, kwa kuwa hazikuwahi kuandikwa popote. Ndiyo maana naumia nikimwona mtu anampeleka fundi kadi feki na kulipia "kurekava".

Kinga yake ni moja: ijaribu kabla ya kuitumia. Kwenye Windows tumia H2testw, ni ya bure na haihitaji kusakinishwa. Fomati kadi, ifungue programu, badilisha lugha maana huanza na Kijerumani, chagua kadi yako, kisha andika na kuhakiki nafasi yote. Itaijaza kadi hadi pomoni halafu isome kila kilichoandikwa. Kadi ya GB 64 inayoandika MB 20 kwa sekunde itachukua karibu saa moja kuandika tu, bado kusoma. Vumilia. Ikileta maneno DATA LOST, irudishe dukani siku hiyo hiyo na risiti yako.

mzee_wa_negativu
Nakazia. Bei ikiwa nusu ya maduka mengine yote, jibu unalo tayari mkononi.

Kipepeo254
Wale wa Linux na Mac tuna F3, kazi ni ile ile. `f3write` ukifuata na njia ya kadi, kisha `f3read`. Na jameni, kadi ya GB 64 kusoma 59.6 kwenye kompyuta si feki! Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024. GB 128 itaonyesha kama 119. Watu wanagombana na wauzaji bure.

Mwanza_Mawe
Mimi naleta ile ya steshenari. Unapeleka kadi kuchapisha picha mbili za pasipoti, ikirudi kila folda imekuwa njia ya mkato na ndani hamna kitu. Wengi hapo wanafomati kwa hasira. Msifomati! Picha zipo, kirusi kimezificha tu. Usibofye zile njia za mkato, maana ukibofya unakiwasha kirusi kwenye kompyuta yako. Fungua dirisha la amri, kama kadi ni E andika:

`attrib -h -r -s /s /d E:\*.*`

Folda zitarudi kuonekana. Kisha `del E:\*.lnk` kuondoa zile za uongo. Nakili picha peke yake, achana na faili zozote usizozijua, skani, ndipo ufomati kadi ndani ya kamera.

mzee_wa_negativu
Dawa ya steshenari ni kile kiswichi cha pembeni mwa kadi. Sogeza kwenye kufuli kabla hujaipeleka, hakuna kirusi kitakachoandika.

Fundi_Kadi
Mzee, shikamoo, lakini hapo napinga. Kile kiswichi ni kipande cha plastiki tu, hakijaunganishwa na chochote ndani ya kadi. Ni kadi rida ndiyo inayohisi kimekaa wapi na kuamua kuheshimu au la. Rida nyingi za bei ya chini hazihisi kabisa. Na kwenye microSD kufuli liko kwenye adapta, ukiitoa microSD ukaichomeka kwenye rida ya aina yake, kufuli umeliacha mezani.

mzee_wa_negativu
Marahaba. Kadi zangu zimekuwa zikifungwa hivyo miaka yote na hazijaingiwa na kitu.

Fundi_Kadi
Basi rida za huko kwenu zinaheshimu, mzee wangu. Anayechapisha kwingine asitegemee hilo. Beba nakala kwenye flashi, kadi ibaki nyumbani.

Na hapo hapo kuna tatizo lake la pili: kile kiplastiki kikivunjika, kamera inasema kadi imefungwa na kadi ni nzima. Kata kipande chembamba cha selotepu, funika lile pengo, tabaka moja tu. Ukiweka mawili kadi itakwama. Ikishasoma, hamisha picha na uipumzishe hiyo kadi.

Dada_wa_Malindi
Upande wetu wa pwani ongezeni kutu na ukungu wa chumvi kwenye vile vibati vya dhahabu vya kugusana vilivyo kwenye kadi. "Kadi haijaonekana", unaitoa unairudisha, inaonekana. Hiyo ni kugusana kubaya, kadi haijafa. Pamba ya masikio, matone mawili ya spiriti, pangusa kuelekea upande mmoja, acha ikauke.

Kipepeo254
Kifutio cheupe cha penseli pia kinafanya kazi.

Fundi_Kadi
Kifutio kinaacha vumbi, vumbi linaingia kwenye tundu la kamera, na tundu la kamera ni ghali kuliko kadi. Spiriti ya duka la dawa ya 70% ina maji mengi, tafuta ya 90 kwenda juu kwa mafundi simu.

Dada_wa_Malindi
Ya 70 inafaa ukiipa muda ikauke vizuri. Tusitishane.

PichaNaMama
Naomba msaada wa haraka, samahani kukatisha. Kadi ya microSD GB 64 yenye picha za mahafali ya mdogo wetu imechomekwa kwenye simu ya Android ili zitazamwe. Simu imeuliza itumike vipi, mtu akachagua "hifadhi ya ndani", ikafomati. Sasa kompyuta haioni hata picha moja, inasema kadi haitambuliki. Kadi tumeirudisha kwenye simu na iko humo hadi dakika hii. Tufanyeje?

Bi_Shata
Mungu wangu. Zima simu SASA. Kila dakika simu inaandika vitu vyake humo.

Mwanza_Mawe
Zima, usianze kubofya bofya.

LensiYaTanga
Uzi wote usimame hapa kwanza tumsaidie huyu dada.

Kipepeo254
Pole sana. Hiyo ilikuja na Android 6. Ukichagua hifadhi ya ndani, simu inagawa kadi upya na kuifunga kwa ufunguo unaobaki ndani ya simu hiyo hiyo. Ndiyo maana kompyuta haiambulii kitu. Picha zikitafutwa kwenye simu hiyo si zitaonekana?

Fundi_Kadi
Hapana, kinachoonekana kwenye simu ni vitu vipya tu, vile vilivyoandikwa baada ya kufomati. Dada, sikiliza kwa utaratibu.

Kufomati huko mara nyingi kunabadilisha orodha tu, si kila kona ya kadi. Picha za zamani zinaweza kuwa bado ziko palepale bila kufungwa, isipokuwa pale ambapo simu imeshaandika juu yake au imeiamuru kadi isafishe. Kama simu ilihamishia programu na picha zake humo, sehemu hiyo imekwenda. Sikuahidi zote.

Simu ikishazimwa, toa kadi, weka kwenye adapta yenye kufuli, chomeka kwenye kompyuta. Kompyuta ikiuliza kama ifomati, kataa. Pakua TestDisk, ni ya bure, ndani yake kuna PhotoRec. Fungua QPhotoRec, ile yenye dirisha. Chagua kadi. Sasa hapa ndipo watu hukosea: usichague kigawanyo chochote kilichoorodheshwa, maana hivyo ni vile vipya vya simu. Chagua mstari wa diski nzima, Whole disk. Mfumo wa faili chagua kundi lenye FAT. Kwenye aina za faili zima zote, washa jpg, na kama kulikuwa na NEF au CR2 washa tif pia. Mahali pa kuhifadhi iwe diski ya kompyuta, KAMWE isiwe kadi hiyo hiyo.

PhotoRec haisomi majina, inatafuta alama ya mwanzo wa JPEG kwenye kadi nzima. Kwa hiyo zitakuja kwenye folda za recup_dir zikiwa na majina kama f0012345.jpg. Usiogope. Tarehe na saa ziko ndani ya picha, zipange hivi, ukiwa kwenye folda uliyozihifadhia:

`exiftool -r "-FileName<DateTimeOriginal" -d "%Y%m%d_%H%M%S%%-c.%%e" .`

PichaNaMama
Imezimwa. Laptopu ninayo. Naanza kupakua, Mungu awabariki.

Mwanza_Mawe
Wakati dada anapakua: haya yote yangepungua tukiacha kufuta picha moja moja kwenye kamera. Fomati kadi nzima ndani ya kamera kila baada ya kuhamisha.

Dada_wa_Malindi
Kufuta moja moja kuna ubaya gani? Kamera imeweka kitufe ili kitumike.

Mwanza_Mawe
Ukifuta katikati unaacha mapengo, faili mpya zinagawanywa vipande kwenye mapengo hayo. Siku ya kurekava, PhotoRec inapata kipande cha kwanza, cha pili inakikosa. Ndiyo ile nusu kijivu ya mkuu wa uzi. Kwenye video ni balaa zaidi.

Dada_wa_Malindi
Hilo nalikubali. Lakini mwenye kadi moja ya GB 16 afanyeje katikati ya shughuli?

Mwanza_Mawe
Kadi mbili za GB 32 kuliko moja ya GB 64. Na kamera kongwe za mtumba zilizotoka kabla ya SDXC (aina ya kadi za zaidi ya GB 32) kuja 2009 hazipendi chochote kinachozidi GB 32.

mzee_wa_negativu
Ongezeni la namba. Kamera ikifika IMG_9999 inarudi IMG_0001. Ukimwaga kwenye folda ile ile, kompyuta inauliza "ibadilishe?", unabofya ndiyo kwa haraka, zile za mwanzo zimekwenda. Kila siku folda yake yenye tarehe, na mpangilio wa namba uwe wa kuendelea, usiwe wa kuanza upya.

Sohar_Lensi
Huku Oman kadi haiogopi joto, nyingi zimepimwa hadi nyuzi 85. Kamera ndiyo nyingi zimepimiwa mwisho 40, na kiangazi ndani ya gari inapita hapo. Ukitoka kwenye kiyoyozi kwenda nje, iache ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa, usifungue mlango wa kadi kukiwa na jasho juu yake.

NyotaYaPemba
Mimi hujitumia WhatsApp kama akiba. Inatosha?

Kipepeo254
Haitoshi, mwenzangu. Ukituma kama picha ya kawaida inapunguzwa hadi pikseli kama 1600 upande mrefu, na tarehe ya kupigwa inaondolewa. Tuma kama hati, inapita ilivyo hadi GB 2. Lakini akiba ya kweli ni nakala mbili kwenye diski mbili tofauti na moja nje ya nyumba. Google Photos tangu Juni 2021 inakupa GB 15 tu bure, hizo ni JPEG kama 1,500 za MB 10.

PichaNaMama
QPhotoRec imefunguka. Naona mistari mitatu: mmoja hauna jina una GB 59, mingine miwili midogo zaidi. Ule wa juu?

Fundi_Kadi
Ule wa juu, wa GB 59, ndiyo diski nzima. Kabla ya kubonyeza Search hakikisha laptopu iko kwenye chaja na haitalala yenyewe. Ikianza kuhesabu jpg tuandikie namba inayoonyesha.