Ekzosi mpya kwenye Boxer: nguvu ni kweli au ni kelele?

Dereva wa Barani:
Salaam alaikum wenzangu. Nina Boxer 150, nabeba abiria Malindi mjini, Gede na Watamu. Ekzosi yake ya kampuni imeliwa na chumvi, imetoboka chini pale penye mkunjo. Dukani nimeonyeshwa ile fupi inayong'aa, muuzaji ananiambia pikipiki itaongeza nguvu, itakuwa nyepesi hata nikipakia wawili. Aliyewahi kuifunga aniambie kabla sijatoa pesa: nguvu inaongezeka au nauziwa sauti?

Mbio za Mambrui:
Inaongezeka, tena sana. Mimi nimefunga tangu kabla ya Ramadhani. Moshi unatoka upesi, injini inapumua. Hebu kimbia umejiziba pua uone utafika wapi. Nikishavuka daraja la Sabaki hakuna Boxer inayonipita. Na uzito umepungua, ile ya kampuni ni chuma kitupu.

Fundi wa Ngala:
Uzito ni kweli. Lakini huo mfano wa pua ndio unaowapoteza watu. Injini inavutia kwenye kabureta, inatolea kwenye ekzosi, na jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopima petroli, ilipimwa kwa ekzosi ya kampuni. Ukifungua nyuma ukaacha mbele vilevile, hewa inazidi petroli. Ndiyo ile pa! pa! pa! ukiachia mafuta, na watu wakiisikia hudhani ni nguvu. Toa plagi uitazame: ikiwa na rangi ya kifuu cha nazi, shwari. Ikiwa nyeupe kama chokaa, injini inaungua ndani na valvu ya kutolea moshi ndiyo itakayotangulia kufa. Boxer ina nguvu za farasi kama 12 tu, na hizo zinapatikana kwenye mizunguko 7500 kwa dakika. Dereva wa abiria hafiki huko, yeye anaishi kwenye mizunguko ya katikati, na bomba pana lililo tupu mara nyingi hula nguvu za hapo katikati. Ukifunga ekzosi nzuri na ukabadilisha jeti, utapata kidogo huko juu kabisa. Shida yetu ni madereva kujifungia vitu wasivyovijua, injini ikifa lawama ni kwa fundi.

Mbio za Mambrui:
Lawama mnastahili! Mwaka jana nilipeleka pikipiki ipimwe valvu. Narudi kuichukua, namwona fundi ana boliti moja mkononi. Namuuliza hii ya wapi, ananijibu "hiyo haina kazi". Haina kazi vipi na kampuni waliitia? Siku ya tatu oili ikanimwagikia suruali yote, nami nina abiria nyuma. Fundi wa huku akishika spana tu, keshakuwa injinia.

Fundi wa Ngala:
Kama ni mimi, sema ni mimi. Kama si mimi, usitukane kazi nzima kwa boliti moja. Mimi kazi hii nimefunzwa na ami yangu, nikimshikia taa usiku, tangu zile Yamaha za kuchanganya oili kwenye petroli. Boliti ikibaki kwangu, injini inafunguliwa upya na mteja hatoi hata shilingi.

Mzee wa Shella:
Umenikumbusha mbali. Kwenye zile Yamaha ekzosi ilikuwa nusu ya injini. Lile tumbo la katikati halikuwa pambo. Wimbi la moshi liligonga kule nyuma likarudi, likaisukuma petroli iliyotaka kutoroka ikaingia tena silindani. Kuna Mjerumani, Walter Kaaden, aliyelifanyia kazi sana jambo hilo kwenye pikipiki za MZ miaka ya 1950. Kuna kijana wetu alilikata lile tumbo akatia bomba nyoofu, basi pikipiki ikawa haijitoi hata kwenye mchanga. Kwa hiyo msiseme ekzosi haina maana.

Fundi wa Ngala:
Shikamoo mzee wangu. Sikusema haina maana. Zile hazikuwa na valvu za kufunga njia ya moshi, ndiyo maana ekzosi ilibeba kazi kubwa vile. Boxer ina valvu. Mawimbi yamo hata humu, ndiyo sababu urefu na upana wa bomba hupimwa. Hii inayouzwa mjini inakatwa kwa jicho.

Mama wa Muyeye:
Nyinyi mnazungumza mawimbi, mimi nina mtoto wa miezi minne. Saa nne usiku nimembembeleza mpaka mkono umekufa ganzi, ndiyo kwanza nimlaze, inapita moja ya hizo. Vikombe kabatini vinagongana, mtoto anaruka mikono juu, tunaanza upya. Kanuni za kelele zipo tangu 2009, na Sheria ya Trafiki inataka chombo kiwe na sailensa. Nguvu hiyo mnaipeleka wapi usiku huo?

Mbio za Mambrui:
Mama, kwa heshima zote, kelele hiyo inatuokoa. Dereva wa lori hakuoni, lakini atakusikia. Na anayekaa kando ya barabara ajue barabara ina vyombo.

Mama wa Muyeye:
Usiniambie habari za barabara mwanangu. Mimi nimezaliwa hapo, barabara imenikuta. Na sauti ya ekzosi inatokea nyuma, lori lililo mbele yako litakusikia ukishafika. Honi umepewa ya nini? Taa umepewa ya nini?

Mzee wa Shella:
Hapo mama amesema. Hata msikitini tunarudia kusoma kwa sababu sauti ya imamu imemezwa na kelele.

Dereva wa Barani:
Jamani, mimi bado nina ekzosi imetoboka na kesho alfajiri nina abiria wa Watamu. Fundi, nifanyeje?

Fundi wa Ngala:
Ukiona chuma cha pembeni bado kizito, usinunue kitu. Ikate pale palipooza, ichomelewe kipande kizima, si kiraka juu ya kutu, na utie gasketi mpya pale inapokutana na injini. Ikivuja hapo itapiga pa pa vilevile. Kila ukitoka barabara ya pwani mwagia maji ya bomba yasiyo na chumvi, ile chumvi ya bahari itoke. Na huyu wa Mambrui atoe plagi yake atuambie rangi.

Mbio za Mambrui:
Nimeitoa sasa hivi hapa uani. Ni nyeupe. Lakini ile boliti bado naidai.