Naomba ushauri: vitabu vya picha vya machipuko, mdogo anang'ang'ania mti "uliokufa"

MamaWawili: Hamjambo wanajukwaa. Nina watoto wawili, wa miaka 3 na 6. Tumeazima vitabu vya picha kuhusu kuingia kwa majira ya machipuko. Karibu vyote ni mtindo mmoja: theluji, mti mtupu, unafunua ukurasa, maua tele. Mdogo anagoma papo hapo. Anaweka kidole kwenye mti na kuuliza nani kaufufua. Mkubwa anaona tunamchelewesha, yeye anataka dubu. Niwasomeeje pamoja? Na kitabu kizuri nitakijuaje?

Mzee Kurasa: Mwanao yuko sahihi, mchoraji ndiye aliyeruka. Tafuta kitabu kinachochora mti uleule, mahali palepale, kurasa kadhaa mfululizo, theluji ikipungua kidogo kidogo. Halafu tazama ncha za matawi. Mchoraji makini huweka matumba madogo ya kahawia hata katikati ya baridi, maana miti mingi inayopukutisha majani huwa imeshayaunda kabla baridi haijaanza. Yanangoja siku zirefuke na joto lipande. Mwambie mdogo ayatafute kwa kidole hichohicho. Ukikuta matawi yamechorwa kama fagio, kirudishe ulikokitoa.

Dada Msomaji: Huyo wa miaka 6 mpe kazi. Funika maneno, amsimulie mdogo wake kwa picha tu. Kama kuna mbayuwayu, chukueni ramani: wale wa Ulaya wengi hukimbilia Afrika wakati wa baridi, kisha hurudi kutaga. Muulize walikuwa wapi kwenye ukurasa wa kwanza. Wangu aliwachorea safari nzima pembeni mwa daftari la hesabu, mwalimu hakufurahi.

Kimyakimya: Jamani, msigeuze hadithi kuwa darasa! Ukisimama kila ukurasa kufafanua matumba na ramani, mtoto atakuchoka wewe na kitabu chako. Mara ya kwanza soma moja kwa moja hadi mwisho. Maswali yaje kwenye marudio, na marudio hayatakosa, watoto wa umri huo tunawajua.

Mzee Kurasa: Hapo Kimyakimya nakuunga mkono.

Dada Msomaji: Angalieni na miezi. Kaskazini mwa dunia machipuko huanza Machi, kusini ni Septemba. Kitabu kikitaja mwezi, mkubwa atakubana.

MamaWawili: Asanteni sana. Sasa la dubu, yule anayelala pangoni baridi nzima: mkubwa anauliza amekula nini muda wote huo.

Mzee Kurasa: Hakula. Anaishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini kabla ya baridi. Tena dubu jike huzaa humohumo pangoni, ndiyo maana kwenye picha anatoka na watoto. Hilo mwachie mkubwa amweleze mdogo, wewe kaa pembeni usikilize.