Mjadala: Msitu upi wa Tabora na Kigoma usiingie kwenye kibali cha uvunaji, na nani aseme?

Mleta mada (Sikonge, Tabora)

Ndugu zangu, naleta hoja hii nikiwa mfuga nyuki, wala si mtaalamu wa misitu. Kibali cha kuvuna magogo kinapoombwa, swali linalopewa uzito ni meta za ujazo ngapi za miti ya mninga au mkurungu zimo katika kitalu, yaani eneo la msitu linaloombewa kuvunwa. Naona swali hilo linakuja mapema mno. Kwanza tungejua kitalu chenyewe kinafanya kazi gani pale kilipo, kama ni chanzo cha kijito, malisho ya nyuki au mapito ya wanyama, na kama kuna sehemu isiyopaswa kuguswa, mpaka wake uchorwe kabla msumeno haujawashwa.

Wazo hili si geni. Baraza la Usimamizi wa Misitu, lile linalotoa vyeti vya mbao kimataifa, lilianzisha mwaka 1999 dhana ya misitu yenye thamani ya juu ya uhifadhi. Dhana hiyo huangalia mambo sita, kuanzia viumbe adimu na maji hadi mahitaji ya msingi ya wenyeji na mahali pa matambiko. Hayo mawili ya mwisho hayaonekani kwa picha ya setilaiti. Lazima mtu aulizwe.

Niliwahi kupita katika kitalu kilichovunwa kwa kibali halali. Visiki vya mninga vilikuwa vimegongwa alama kwa nyundo ya serikali, utomvu wake mwekundu ukiwa umegandia kwenye gome kama damu. Kwenye karatasi, mtundu na muba havikuguswa, kwa kuwa havikuwa na mteja. Kwa macho yangu, vilikuwa vimelazwa chini kupisha trekta. Mtundu huchanua kabla ya mvua, muba huchanua mvua zikiwa zimekolea, na nyuki wetu wanaishi kwa misimu hiyo miwili. Kibali hakikuwa na mahali pa kuandika hasara hiyo.

Mchangiaji (Urambo, Tabora)

Ndugu mleta mada, umemwacha mwizi mkubwa nje ya kesi. Mvunaji huchagua mninga mmoja mmoja, lakini shamba la tumbaku hufyeka vyote, kisha mabani, vibanda vya kukaushia majani yake kwa moto, yanadai kuni msimu mzima wa kukausha. Na ninyi wa nyuki msijitakase: mzinga wa gome hupatikana kwa kuuchuna mti ukiwa hai, nao hufa umesimama. Msitu ukifungwa pasipo kipato, kijiji kitaugawa mashamba.

Mchangiaji (Uvinza, Kigoma)

Nakubaliana na ndugu wa Urambo kuhusu kipato, ila huku kwetu jambo lina sura nyingine. Watu wakisikia sokwe hufikiria Mahale au Gombe, ambako Jane Goodall alianza utafiti mwaka 1960, kumbe sokwe wengi wa Tanzania wanaishi nje ya hifadhi za taifa, wakiwemo wa misitu ya miombo ya Masito na Ugalla. Katika nchi kavu kama hii, ukanda mwembamba wa msitu unaofuata kijito bondeni ndio unaobaki na kivuli na maji kiangazi. Kwa hesabu ya meta za ujazo ni kipande kisicho na maana, ila barabara ya magogo ikishakivuka, jembe na ng'ombe hufuata njia hiyohiyo.

Mtaniambia kwamba mkurungu umewekwa chini ya mkataba wa CITES tangu mwaka 2019, na kwamba mwaka 2022 jamii yote ya mninga barani Afrika iliongezwa. Ni hatua nzuri, lakini mkataba huo hulinda spishi isimalizwe na biashara ya kimataifa; hauwezi kutuambia bonde lipi liachwe.

Mleta mada

La magome nalikubali bila kujitetea, kwani nimechuna miti mingi kabla ya kuhamia mizinga ya mbao. La kipato pia nalikubali, na ndiyo sababu sisemi msitu wote ufungwe. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga hifadhi yake ya msitu, kikapanga kwa mpango wa usimamizi wapi pavunwe na wapi paachwe, na mapato ya mavuno yakabaki kijijini.

Ninachotaka ni kwamba kabla kamati ya uvunaji ya wilaya haijakaa, afisa misitu azunguke kitalu pamoja na mfuga nyuki, mwindaji mzee na mama anayechota maji, tena kiangazi na masika, kwa sababu bonde linalosahaulika Machi ndilo kimbilio la kila kiumbe Septemba. Nakuuliza basi, ndugu wa Urambo: ukanda wa kijito chenu ukikatwa, miche ya tumbaku mtaimwagilia kwa maji ya wapi?